Bunduki ya Kamanda Imelazwa

Karani wa mapokezi pale kituo cha afya walimwita Redio, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ukimwambia jambo saa mbili asubuhi, saa mbili na robo mpishi analo, na saa mbili na nusu wodi nzima ya wanaume imeshagawanyika kwa ajili yake. Mwenyewe alikuwa akijitetea. Eti yeye hasemi maneno ya watu, yeye anajulisha tu.

Na habari za kujulisha hazikukosekana, maana kituo chenyewe kilikaa pabaya. Wapiganaji wa juu walikuwa kilimani, wapiganaji wa chini walikuwa upande wa soko, na kituo kipo katikati na mabati yake ya buluu, kama mtu ambaye majirani zake wawili wanatukanana juu ya ukuta wake. Wa juu wakiumia, waliletwa hapo. Wa chini wakiumia, waliletwa hapo hapo. Muuguzi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Sista Mkuu hata mumewe, alikuwa na hotuba moja tu kwa wote: "Humu ndani sina wa juu wala wa chini. Nina wa kitandani na wa benchi. Wewe wa benchi, kaa."

Shida ilikuwa bunduki. Miezi miwili nyuma mpiganaji mmoja aliiegemeza yake kwenye kitanda, akageuka kulala, ikaanguka, ikajifyatua yenyewe. Risasi ikatoboa paa, ikatoboa na tangi la maji juu ya paa. Hakuna aliyeumia, ila wodi nzima ilioga bila kutaka. Daktari aliyekuwepo alikung'uta koti lake, akapanga begi, na saa kumi jioni alikuwa ameshaondoka. Wiki saba kituo kilikaa bila daktari, na katika wiki hizo saba yalitokea mambo ambayo hata Redio hakuyajulisha mtu.

Kwa hiyo daktari mpya alipokuja, mwembamba, mpole, miwani imefungwa kwa plasta ya kidonda, alisema neno moja mlangoni kabla hata ya kushusha begi. "Bunduki moja ikiingia humu, mimi natoka. Siku hiyo hiyo. Sitabembelezwa." Sista Mkuu alichukua chupa ya ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, akainama, akapiga mstari sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Mbele ya mstari ni mapokezi na benchi. Nyuma ya mstari ni wodi na chumba cha upasuaji. "Silaha zinaishia hapa," akasema, akimkabidhi Redio kalamu. "Na kila kinachopokelewa hapa kinaandikwa."

Sasa kinaandikwa wapi? Daftari lilikuwa moja tu, la wagonjwa. Siku ya kwanza akaja mpiganaji anaumwa tumbo, akampa Redio bunduki yake huku amejikunja, na Redio akajaza alichokiona kwenye mistari ya daftari. Jina: Bunduki. Umri: miaka ishirini hivi. Anaishi: mgongoni kwa mwenzake. Tatizo: kikohozi kikali. Amelazwa: chumba cha kufulia.

Sista Mkuu alilisoma lile daftari jioni, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Redio akaanza kuaga kazi moyoni.

"Umeacha jinsia wazi," Sista Mkuu akasema. "Jaza."

Basi ikawa ndio utaratibu. Mpiganaji anafika, anatoa risasi zake mwenyewe, zinawekwa kwenye kopo na kuandikwa "mizigo ya mgonjwa." Bunduki inafungwa utepe wa plastiki, ule wa mikononi mwa watoto wachanga, wenye namba. Halafu inapitishwa kwenye kidirisha cha kutupia mashuka machafu, inateleza mpaka kwenye kapu lililo chumba cha kufulia, na mlango wa chumba kile unafungwa kwa ufunguo wa Sista Mkuu. Kutoka, lazima daktari asaini karatasi ya ruhusa, kama mgonjwa mwingine yeyote. Daktari aliposikia, hakucheka. Akavaa miwani vizuri, akaandika: "Hali inaridhisha. Ashauriwe kupumzika." Wapiganaji wenyewe wakakipenda kile kitu. Walikuwa wakipita kwenye benchi wanauliza, "Dada, mgonjwa wangu kalalaje?"

"Kalala vizuri. Hajakohoa."

Sasa hiyo Alhamisi. Saa tatu kasoro, Redio anafuta meza, akasikia ugomvi barabarani, sauti anayoijua tangu azaliwe. "Kulia! Nimesema kulia, wewe unanipeleka mtaroni!" Ni dada yake mkubwa, ndani ya toroli, tumbo limefika kidevuni, na shemeji nyuma anasukuma, jasho linamwagika, anaelekezwa njia kama mwanafunzi wa udereva.

Walijua ni pacha. Ambacho hawakukijua, daktari alikigundua kwa kupapasa mara mbili tu. "Huyu wa kwanza amekaa kikingamo," akasema. "Hatoki. Tunapasua, na tunapasua sasa hivi."

Sista Mkuu alishavaa gauni la kijani. Ufunguo wa chumba cha kufulia ukiwa ndani ya mfuko wake, chini ya gauni, akamshika Redio bega. "Nje nakuachia wewe. Mstari ni mstari. Na mdomo huo, mwanangu, leo ufunge kama duka siku ya msiba."

"Sista, nitasema nini na nani?"

"Ndiyo nakuambia."

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Shemeji akabaki anazunguka uani na toroli tupu, haachi kulisukuma. Redio akakaa mezani, akapanga kalamu, akazipangua. Moyo wake ulikuwa huko ndani na dada yake. Na Redio akiogopa, mdomo wake huwa haumwombi ruhusa.

Hapo ndipo akaingia Kamanda Muhuri.

Kamanda wa wapiganaji wa chini. Mfupi, safi, kiatu kimeng'aa mpaka unaweza kujitazama meno. Muhuri walimwita kwa sababu ya kizuizi chake cha barabarani. Pale hupiti bila barua, na barua haipiti bila muhuri. Mwezi uliopita aliuzuia mzigo wa chanjo juani kwa muda wa saa nne kwa sababu muhuri ulikuwa "haujakolea." Ukilia, ukimwapia Mungu, jibu lake moja: "Utaratibu ni utaratibu." Leo lakini alikuja amefunga kitambaa kichwani kuzunguka taya, na shavu moja limejaa kama mtu aliyeficha yai. Nyuma yake wapambe wawili, Mrefu na Mnene.

"Jino," akasema Kamanda, akitoa risasi zake mwenyewe bila kuambiwa. Wapambe nao wakatoa zao. Redio akaandika wagonjwa watatu, akafunga tepe tatu, akapitisha bunduki tatu kidirishani. Pu, pu, pu, zikatua kwenye mashuka.

"Daktari yuko wapi?"

"Anapasua, Kamanda. Ni dada yangu, pacha, mmoja kakaa kikingamo, Sista Mkuu naye yuko humo humo, leo niko peke yangu kabisa, na wodi imejaa hata pa kuweka sindano hakuna, Kipaza tumemlaza kule dirishani kabanwa ukutani..."

Akanyamaza. Alikuwa amechelewa.

"Kipaza," Kamanda akarudia taratibu. "Kipaza yupi?"

Kipaza alikuwa mmoja tu nchi nzima ile. Mpiganaji wa juu, ambaye kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alikuwa akisimama kilimani na kipaza sauti na kumsalimia Kamanda mji mzima ukisikia. "Kamandaaa! Hiyo kofia inatembea yenyewe au chini yake kuna mtu?" "Kamandaaa! Umeamka, au tulete ngazi ushuke kitandani?" Watu walikuwa wakipiga mswaki huku wanamsubiri. Wiki hii alikuwa amenyamaza, kila mtu akawa anajiuliza kulikoni. Kumbe ana kipande cha chuma pajani, yuko kitanda cha sita.

Kamanda alijinyoosha. Alijinyoosha urefu wote alionao.

"Binti, nipe bunduki yangu."

Redio alisikia masikio yanawaka. Risasi ikilia humu, basi. Mtu wa kitanda cha sita anakufa kwa mdomo wake yeye. Daktari anapanga begi. Na dada yake yuko juu ya meza, tumbo wazi, hatua kumi na mbili kutoka kwenye mstari wa zambarau.

"Haiwezekani, Kamanda. Amelazwa."

"Nani amelazwa?"

"Mgonjwa wako." Akageuza daftari, akamwonyesha. "Namba mia mbili na tatu. Kikohozi. Akishalazwa hatoki mpaka daktari asaini."

"Vunjeni ule mlango," Kamanda akawaambia wapambe.

Mrefu akamtazama Mnene. Mnene akatazama kucha zake.

"Kamanda," Mrefu akasema kwa sauti ya chini, "mke wangu anajifungua mwezi ujao."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo... daktari akiondoka, nimsukume kwa toroli mpaka wapi?"

Shemeji alipita dirishani na toroli lake, kwiki kwiki kwiki, kama ametumwa. Kamanda akashika shavu. Aliona kabisa kwamba amri yake imelala sakafuni na hakuna wa kuiokota, na Redio akaona kwamba mtu akifika hapo ndipo anafanya jambo la kijinga. Lazima apewe kitu cha kushika.

"Kamanda, mbona utaratibu upo," akasema haraka. "Mtu anaweza kumtoa mgonjwa wake kabla ya ruhusa. Kuna fomu."

Macho ya Kamanda yakabadilika. "Kuna fomu?"

"Kurasa mbili."

"Sasa si useme!" Akavuta kiti. "Nani alitaka kuvunja mlango? Lete fomu."

Redio akaleta, na kalamu inayoandika vizuri. Kamanda akajaza jina la mgonjwa kwa mwandiko wa kupendeza. Kwenye sababu ya kumtoa akaandika: "Anahitajika kazini." Halafu akafika kwenye uhusiano.

"Hapa niweke nini?"

"Chagua kimoja. Mzazi, ndugu, au mume ama mke."

"Ndugu."

"Ndugu anatakiwa barua ya ofisi ya mtaa."

"Ofisi ya mtaa iliungua," akasema Kamanda.

"Iliungua," Redio akakubali, na kwa heshima kubwa hakusema aliyeiunguza.

"Basi mzazi."

"Una kadi ya kliniki ya mtoto?"

Mnene akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa na meno.

"Na mume?" Kamanda akauliza, akitazama karatasi tu.

"Mume ni rahisi. Mashahidi wawili."

Kutoka chumba cha upasuaji hakikusikika kitu, si chuma, si sauti, na Redio alikuwa akisikiliza kwa mgongo wake wote. Kamanda akaweka alama kwenye mume.

"Mashahidi," Redio akasema, "mnathibitisha kwamba wanaishi pamoja?"

"Tunathibitisha," akasema Mrefu, uso mkavu kama mbao. "Wanalala pamoja kila siku."

"Akiwa mbali naye hapati usingizi," Mnene akaongeza. "Mvua ikinyesha anamfunika yeye kwanza, mwenyewe analowa."

"Na wanagombana?"

"Mara moja alimwangusha mtoni. Alimbembeleza wiki nzima na mafuta."

"Sainini mnyamaze!" Kamanda akanguruma, akashika taya, akatoa machozi ya jino.

Wakasaini. Kamanda akakagua kurasa zote mbili, akazipanga ncha kwa ncha, akazisukuma mezani. "Haya. Kamili."

"Bado muhuri."

"Uko wapi?"

"Kwa daktari. Anao mfukoni. Daktari yuko ndani."

Kamanda akafungua mdomo. Redio akamuwahi, taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake mwavuli wake. "Utaratibu ni utaratibu, Kamanda."

Hapo hapo mlango wa wodi ukafunguka. Kwa gongo moja, kanga ya kuazima kiunoni, akatokea Kipaza. Watu wengi walikuwa wanamjua sauti tu. Kumbe ni kijitu chembamba chenye masikio, kitu cha kusukuma kwa kidole. Alikuwa amesikia yote. Kamanda akavuka mstari, mikono mitupu, ngumi imekunjwa. Kuvuka bila silaha ni ruhusa, hakuna sheria iliyovunjwa, na Redio hakuwa na fomu nyingine.

Wakasimama wanatazamana, na ukiwatazama wote wawili walikuwa wa urefu mmoja.

Kipaza alitoa kipande cha boksi la dawa kilichoning'inia shingoni kwa bendeji, akaandika kwa kalamu ya risasi, akageuza: JINO LIPI?

Kamanda akasoma. Akasoma tena. "La mwisho. La chini," akajikuta anajibu.

KARAFUU.

"Nimetia. Haisaidii." Akameza mate. "Na wewe, sauti yako?"

Kipaza akaandika, akafikiri, akaongeza neno, akageuza: IMEKATIKA. NIMEKUTUKANA MNO.

Kicheko kilimtoka Kamanda kabla hajakiona kinakuja, kikapita kwenye jino, kikawa yowe, na yowe likamkalisha palepale kwenye benchi la mlangoni pa wodi. Mrefu na Mnene, waliokuwa wameshikilia kicheko tangu ukurasa wa kwanza, wakakiachia. Kipaza naye akacheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, mpaka gongo likamponyoka.

"Shhh!" Redio akasema.

Mtoto alikuwa amelia.

Wote wakanyamaza. Mmoja. Redio akasimama katikati ya mstari wa zambarau, mguu huku, mguu huku, vidole viwili hewani. Mmoja... Kule uani toroli limesimama. Kamanda ameshika shavu, Kipaza ameshika ukuta. Mmoja, na ukimya, na ukimya huo ulikuwa mrefu kuliko fomu zote za dunia.

Halafu wa pili. Huyu hakulia, alifoka.

"Mama mdogo huyo!" Mrefu akamnyooshea Redio kidole, na Redio, aliyekuwa na neno kwa kila kitu tangu azaliwe, hakupata hata moja. Alikaa sakafuni juu ya mstari akalia.

Daktari alitoka nusu saa baadaye, jasho limelowesha plasta ya miwani. Mama mzima, watoto wazima, msichana na mvulana, yule wa kufoka ndiye msichana. Akakuta Kamanda na Kipaza kwenye benchi moja, karatasi mezani. Akaisoma fomu mpaka mwisho. Alipofika mstari wa uhusiano, nyusi moja ilipanda peke yake.

"Nani kati yenu ndiye mume?"

Kamanda akatazama dari.

"Tuanze na jino," akasema daktari.

Jino liling'oka kwa mvuto mmoja na kelele tatu, ambazo Kipaza aliziandika kwenye boksi ili asisahau. Kamanda akatoka na pamba mdomoni, hawezi kusema neno. Daktari akapiga muhuri, ukakolea vizuri sana, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: "Mgonjwa akabidhiwe kwa mumewe peke yake, atakapofika na kujitambulisha kwa sauti mbele ya wahudumu na wagonjwa."

Kamanda akasoma. Akatazama benchi la mapokezi, lililokuwa sasa limejaa watu wa juu na watu wa chini, wote wamenyamaza kwa adabu, wote wametega masikio. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka. Mrefu na Mnene walichukua za kwao kwa ruhusa ya kawaida, nje ya lango.

Redio hakusubiri kusemwa. Alimfuata Sista Mkuu kwenye sinki akamweleza mwenyewe, kwamba yeye ndiye aliyemtaja Kipaza, hakukusudia, jina lilimtoka tu, angeweza kumuua mtu. Sista Mkuu alinawa, akajifuta kidole kimoja kimoja. Akachukua chupa ya zambarau, akamshika Redio kidevu, akampiga mstari juu ya midomo, kutoka pembe hadi pembe.

"Mstari ni mstari," akasema. "Sasa nenda ukamwone dada yako. Anataka kujua watu walikuwa wanacheka nini wakati yeye anapasuliwa."

Ile dawa haitoki upesi. Siku nne Redio alikaa mapokezi na midomo ya zambarau, na kila aliyefika alimuuliza imekuwaje. Sasa angefanyaje? Akawajulisha. Habari za pacha, za jino, za kurasa mbili. Za kitanda cha nani kiko wapi, hakusema tena, si kwa Kamanda, si kwa mpishi. Ukimuuliza anakuonyesha midomo.

Kule kizuizini mzigo wa chanjo wa wiki iliyofuata ulipita bila kukaguliwa muhuri. Na bunduki namba mia mbili na tatu bado iko chumba cha kufulia, kwenye kapu, chini ya mashuka, utepe wake wa mtoto mchanga haujakatwa. Kila asubuhi daktari akipita raundi hufungua mlango, anachungulia, anauliza, "Na huyu?"

"Hajambo, daktari," Redio anajibu. "Anamsubiri mumewe."